Vijineno vya Mwalimu Tuseme

Asubuhi ile Mama Pacha alipanga vikombe mezani hata kabla ya kuwasha jiko. Kimoja alikijaza sharubati nyekundu, ile nzito ya chupa inayonata mpaka kwenye kifuniko, na vingine akavijaza maji ya bomba. Vyote vilikuwa vya kioo, vya kimo kimoja, kwa sababu mumewe hakutaka vikombe vya kuokoteza. Zamani alizoea kusema, "Vikombe vikipishana ukubwa, hesabu yote inageuka uongo." Siku hizi sentensi ndefu kama hiyo ilimshinda. Siku hizi angesema tu, "Vikombe. Sawasawa. Uongo," na mtu angebaki kuokota maneno hayo matatu na kuyashona mwenyewe.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari iliyo juu ya barabara ya lami, na wanafunzi hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Tuseme. Kila fumbo la hesabu alilifungua kwa neno hilo: tuseme umri wa mtoto ni eksi, tuseme mafuta yaliyobaki kwenye pipa ni eksi. Likamganda kama rangi ya mlango. Hata mwenye duka akawa anamsalimu, "Mwalimu Tuseme, za kazi?" naye alipokea bila kinyongo. Akiwa na furaha alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe akisema, "Tuseme nimerudi na njaa."

Halafu kikaja kiharusi. Kilimkuta ameinama anafunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, na sauti iliyokuwa inafika mpaka darasa la tatu kutoka lake ikawa mkoromo wa mtu aliye usingizini. Mama Pacha alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani kama mtoto mchanga, huku wale pacha wao, wote wameolewa mbali, wakipiga simu kila jioni na kulia kila mmoja kwa zamu yake.

Maneno yalianza kurudi polepole. Kwanza yalirudi yale makubwa: maji, viatu, mlango, shule. Siku alipotamka "kengele," Mama Pacha alicheka mpaka akakaa sakafuni. Binti wa hospitali aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya kusema alifurahi pia, lakini akasema, "Mama, mzee anakuja vizuri. Ila kuna yatakayochelewa, yale madogo."

"Madogo yapi, mwanangu?"

"Ya, kwa, na, kutoka, kabla, baada. Hayo mtu huyasema maisha yake yote bila kuyafikiria. Ndiyo maana yakipotea hajui ayatafute wapi."

Mama Pacha aliishia shule ya msingi, na siku hiyo alirudi nyumbani akiona hilo ni jambo dogo. Mtu akisema "chai meza" si utaelewa tu? Haikupita muda akajua. Jirani wa ukuta wa pili alikuja kumjulia hali mgonjwa, na mzee akajitahidi kweli kweli, akainuka kwenye kiti, akanyoosha mkono mzima, akatamka kwa heshima zote, "Karibu nje!"

"Hee!" jirani akaruka. "Nafukuzwa mchana kweupe!"

Walicheka wote, na mzee naye akacheka upande mmoja wa uso. Lakini vidonge vilipokuja, vingine vya kabla ya kula na vingine vya baada ya kula, naye akawa anavigeuza kila mara, Mama Pacha hakucheka tena. Alivificha kwenye kabati la juu, akawa anampa kwa mkono wake mwenyewe.

Na kilichomkata maini zaidi ni kwamba vijineno hivyo ndivyo vilivyokuwa kazi ya mumewe. Miaka yote alisimama mbele ya ubao akigongagonga chaki chini ya neno dogo kuliko yote kwenye fumbo. "Namba hazina hila," aliwaambia watoto. "Namba ziko wazi kama meno. Hila iko kwenye vijineno. Punguza eksi kwa tano, na punguza eksi mpaka tano, si kitu kimoja. Soma Kiswahili kwanza, hesabu itakuja yenyewe." Mama Pacha aliyasikia hayo mara nyingi kupitia dirisha, siku ambazo alimpelekea chakula shuleni na kumngoja kivulini.

*

Mkuu wa shule alikuja kuwatembelea siku moja mchana, ameshika mkate kwapani. Alikuwa mwanafunzi wa Tuseme enzi zake, mwanafunzi mbovu wa hesabu kuliko wote, na mwenyewe hakulificha hilo. Alikimbilia historia, akaipenda, akaifundisha, mpaka akawa mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Neno hilo halikuwa limepotea.

"Unanikumbuka nilivyokuwa nikikutesa? Uliniambia nikijibu swali moja tu la eksi utanichinjia kuku. Kuku wako akafa kwa uzee."

Tuseme akacheka. Wakaongea kidogo, yaani mkuu akaongea na Tuseme akatikisa kichwa, kisha mgeni akamgeukia Mama Pacha na kupunguza sauti, kama watu wanavyofanya mbele ya mgonjwa wakidhani hasikii.

"Mama, wakubwa wananibana. Darasa la mtihani halina mwalimu wa hesabu. Yule kijana wa kushikiza anaondoka. Ama niwaambie Mwalimu anarudi, ama wamstaafishe kwa ugonjwa walete mwingine. Mimi nataka arudi."

"Hata yeye anataka, baba. Kengele ya shule ikilia anatazama saa ya mkononi."

"Basi tufanye hivi. Alhamisi ya wiki ijayo afundishe kipindi kimoja, mimi nitakaa nyuma. Wamefika kwenye mafumbo ya michanganyiko na sehemu, yale ya kuunda mlinganyo. Kipindi kikienda, Jumatatu anaingia kazini. Kikigoma..." Akautazama mkate. "Kikigoma sitakuwa na la kuwaambia."

Alipoondoka, Tuseme alikuwa amekaa wima. Alisema neno moja tu, "Alhamisi," na macho yake yalikuwa na mwanga ambao Mama Pacha hakuuona tangu siku ya kamba za viatu. Mwanga huo ulimfurahisha, halafu ukamtia hofu. Alijua kitu ambacho mkuu hakukijua.

Mumewe aliweza kuufungua mlinganyo wowote. Ukimwandikia kwa alama, eksi upande huu na namba upande ule, mkono wake wa kushoto ungetembea juu ya karatasi, ukihamisha, ukigawanya, mpaka eksi ibaki peke yake kama mtoto aliyeachwa uwanjani. Hapo kiharusi hakikugusa kitu. Lakini ukimpa fumbo la maneno, lile la kuundia mlinganyo wenyewe, alipotea kwenye mstari wa kwanza.

*

Walianza mazoezi mezani pale jikoni, asubuhi kwa asubuhi. Kitabu cha darasa kilikuwa pale, na Mama Pacha ndiye aliyesoma kwa sauti, kidole chini ya mstari.

"Jagi lina vikombe viwili vya mchanganyiko. Nusu ya mchanganyiko ni sharubati. Tuongeze vikombe vingapi vya maji ili sharubati iwe theluthi ya mchanganyiko mpya?"

Alikisogeza kile chekundu na kimoja cha maji katikati ya meza. Nusu kwa nusu. Tuseme akaandika eksi, akaizungushia duara. Maji ya kuongeza. Hapo sawa. Kisha akasita, midomo ikitembea bila sauti, akaandika: moja jumlisha eksi ni sawa na tatu.

"Eksi?" aliuliza Mama Pacha.

"Mbili."

Akamwekea vikombe viwili vya maji. Sasa meza ilikuwa na chekundu kimoja na vya maji vitatu. Mama Pacha alivitazama. Alama za mumewe hakuzielewa sawasawa, ila vikombe alivielewa.

"Baba Pacha, hesabu vyote."

"Vinne."

"Vyekundu vingapi?"

"Kimoja." Kisha uso wake ukakunjamana. "Robo."

"Ndiyo. Kitabu kinataka theluthi, wewe umetupa robo."

Iliwachukua muda kujua kosa linatoka wapi, na aliyelijua ni Tuseme mwenyewe, siku ya pili yake, baada ya kuandika na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Aliandika maneno mawili, moja juu na jingine chini: moja ya tatu, moja kwa tatu. Akamwonyesha. Akagonga penseli kwenye "ya," akagonga kwenye "kwa," akatikisa kichwa, akajipiga kifua.

"Huoni tofauti?"

"Naona. Hapa." Akagusa jicho. "Hapa... ukungu." Akagusa paji la uso.

Moja ya tatu: ukihesabu vyote vitatu, kimoja ni chekundu. Moja kwa tatu: chekundu kimoja, vya maji vitatu, na vyote vinakuwa vinne. Zamani angewaeleza watoto hilo huku akimenya chungwa. Sasa vijineno viwili vilikuwa vimevaa sura moja kichwani mwake, na hakuwa na namna ya kuvitenganisha. Siku nyingine alipata. Siku nyingine alikosa, na siku aliyokosa alikosa kwa uhakika uleule wa siku aliyopata. Hilo ndilo lililomnyima Mama Pacha usingizi. Mtu akikosea huku anasitasita, utamshika mkono. Huyu alikosea akiwa amesimama imara.

Siku tatu kabla ya Alhamisi, Mama Pacha alifunga kitabu.

"Tuachane na mengine yote," alisema. "Utafundisha hili moja tu. La vikombe viwili. Utalishika lote kama wimbo, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Nyimbo hujapoteza, umesikia mwenyewe unavyoimba kanisani."

Tuseme akaweka penseli chini.

"Mama," alisema. "Wizi."

"Wizi wa nini? Hesabu si yako mwenyewe? Nani aliyeibiwa?"

Aliisukuma karatasi kando. Lakini alitaka kurudi, Mungu ndiye anajua alivyotaka, na baada ya kunywa chai akasogeza kiti karibu na meza. Mama Pacha akaanza kumwimbisha, sauti ya chini, akigonga meza kwa kijiko. Tuseme maji ya kuongeza ni vikombe eksi. Mchanganyiko mpya ni mbili jumlisha eksi. Sharubati ni kikombe kimoja, haikuongezeka wala haikupungua. Kikombe kimoja ni theluthi ya mbili jumlisha eksi. Zidisha kwa tatu pande zote. Tatu ni sawa na mbili jumlisha eksi. Eksi ni moja. Na kweli, ndani ya ule mdundo vijineno vilikuja vyenyewe, kila kimoja mahali pake. Ilikuwa ajabu kumsikia. Mama Pacha aligeuka upande wa jiko ili asimwone anavyofuta macho kwa kanga.

*

Alhamisi walipanda barabara taratibu, Tuseme amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata, Mama Pacha nyuma yake na kapu la vikombe, chupa ya sharubati na dumu la maji. Mkuu aliwapokea getini. Darasani watoto walisimama kwa kishindo.

"Shi-ka-moo, Mwa-li-mu!"

"Marahaba. Kaeni."

Minong'ono ikapita. Walikuwa wameambiwa Mwalimu hasemi. Mama Pacha alipotoa vikombe kapuni, mmoja wa nyuma akasema, "Leo tunahesabu au tunakunywa?" na darasa likacheka, na mkuu, ambaye alikuwa amejibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakiwa karibu na kidevu, akakohoa kuwanyamazisha.

Mbele kabisa alikaa msichana waliyemwita Mbona. Tuseme mwenyewe ndiye aliyembatiza. Kila kitu kwake kilikuwa mbona: mbona umegawa, mbona hapo umejumlisha, mbona jibu halifanani na la kitabu. Jioni nyingi Tuseme alirudi nyumbani akilalamika, "Mbona kanimaliza leo," huku anatabasamu. Sasa alikuwa amekaa kimya, peni mkononi, macho hayabanduki kwa mwalimu wake.

Tuseme akashika chaki kwa mkono wa kushoto. Akaandika fumbo, herufi zikipanda mlima kidogo. Akageuka.

"Tuseme," alisema, na darasa zima likatoa pumzi kama mtu mmoja, kisha vicheko vya furaha, na mtu akapiga makofi mara moja. "Tuseme maji ya kuongeza ni vikombe eksi."

Sentensi nzima. Mama Pacha alikuwa amesimama kando ya meza, ameshikilia kikombe cha maji, na midomo yake ilikuwa inatembea sambamba na ya mumewe. Mchanganyiko mpya ni mbili jumlisha eksi. Sharubati ni kikombe kimoja. Alama zikaota ubaoni moja chini ya nyingine. Alipofika kwenye "eksi ni moja" alimpa ishara, Mama Pacha akaongeza kikombe kimoja, na vikakaa pale mezani, chekundu kimoja na vya maji viwili, vitatu kwa jumla, wazi kama meno. Nyuma ya darasa mkuu alikuwa anatabasamu peke yake, anaandika kitu.

Kengele ilikuwa bado. Mama Pacha aliiomba ilie. Aliiomba kimoyomoyo kama mtu anavyoomba mvua, na badala yake mkono wa Mbona ukapanda juu.

"Mwalimu, mbona kwenye zoezi la pili kitabu kinasema sharubati kwa maji ni moja kwa tatu? Hiyo ni theluthi hiihii, au ni kitu kingine?"

Zamani swali hilo lingemfanya aache kila kitu. Angeuliza nani anakubali, nani anakataa, angeligawa darasa nusu kwa nusu, wakabishana mpaka wapande juu ya madawati. Mama Pacha aliona macho ya mumewe yakienda dirishani. Yalikaa huko kidogo. Yalipogeuka yalikuwa yametulia, na utulivu huo aliujua.

"Ndiyo," alisema Tuseme. "Theluthi. Ileile."

Akageuka akaandika ubaoni, kwa mkono usiotetemeka: moja kwa tatu, alama ya sawasawa, theluthi.

Peni zote zikainama. Darasa likajaa ile sauti ya karatasi inayokunwa, kila mtoto anachukua neno la mwalimu wake na kulihifadhi. Mbona alikunja uso kidogo, akautazama ubao, akamtazama Tuseme. Kisha akaandika na yeye. Akachukua rula akalipigia mstari chini, halafu mstari wa pili, kama wanavyopigia kitu kisichotakiwa kusahaulika mpaka siku ya mtihani.

Mkuu akainuka, akijinasua dawatini. "Mwalimu, hongera! Jamani, mpigieni makofi." Makofi yakalipuka. "Wanangu, kuanzia Jumatatu mwalimu wenu yuko nanyi. Mimi sina zaidi."

Basi ikawa imekwisha. Kitu ambacho Mama Pacha alikipigia magoti kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, na alichotakiwa ni kukusanya vikombe tu. Alikwishashika kapu. Tuseme alisimama mbele ya ubao, anapokea makofi, uso umejinyoosha mpaka ule upande uliolegea ukaonekana mzima. Mama Pacha akatazama uso huo, kisha akatazama rula ya Mbona, ambayo ilikuwa bado imelala juu ya mistari miwili.

"Mkuu, samahani kidogo," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Mwalimu, mimi mtu wa jikoni sijaelewa ile ya mwisho. Nipangie na mimi kwa vikombe."

Darasa likacheka kwa upendo. Mkuu naye akacheka. "Leo hata mama anataka cheti!"

Tuseme hakucheka. Alimtazama mkewe, na katika jicho lake Mama Pacha aliona ameshajua kwamba hakuulizwa bure. Akasogea mezani. Akatenga kikombe chekundu.

"Moja," alisema Mama Pacha.

"Moja."

"Kwa tatu."

Mkono wa kushoto ukachukua cha maji, kimoja, kingine, kingine tena, ukavipanga kwa mstari mbele ya kile chekundu. Mkono haukukosea, mkono ulikuwa umevishika vikombe hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Kisha ukabaki hewani. Tuseme akavihesabu kwa macho. Akavihesabu tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Vinne," alinong'ona Mbona. Halafu, polepole zaidi, "Hiyo ni robo."

Ubao ulisema theluthi. Tuseme akaenda akafuta ule mstari, si kwa kifutio bali kwa kiganja, mpaka chaki ikamjaa vidoleni na kwenye mkono wa shati lililopigwa pasi.

"Futeni," aliwaambia. "Mbona... sawa. Mimi... kosa."

"Aa, Mwalimu!" Mkuu alikuwa ameshafika mbele. "Kuteleza kupo. Na umejisahihisha mwenyewe, tena mbele ya watu. Mimi naona ndivyo mwalimu anavyotakiwa."

Tuseme akatikisa kichwa. Alitafuta maneno, na darasa zima likamwona anavyoyatafuta, jasho likimtoka kwenye nywele. "Leo," alisema, akimwonyesha mkewe, "Mama. Kaona." Akapumua. "Jumatatu... nani?"

Mkuu aligeuka kuutazama ubao uliofutwa.

Tuseme akaiweka chaki kwenye ukingo wa ubao, taratibu, ili isidondoke. Akawainamia watoto kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nao hawakujua kama wasimame au wakae, wakabaki wameinuka nusu nusu, wengine wameshikilia madawati. Akatoka.

*

Mkuu alimwahi Mama Pacha kwenye korido, kapu likigonga miguu yake.

"Mama, mbona umefanya vile? Alikuwa ameshaipata kazi. Mimi ningemlinda."

"Ungemlinda vipi, baba? Uliona kosa?"

"Hesabu mimi... unajua mwenyewe."

"Basi."

"Nitawaambia apewe kazi nyingine hapahapa. Maktaba, stoo, chochote."

"Waambie," alisema Mama Pacha, na wote wawili walijua Tuseme hatapanda barabara ile kwenda kuhesabu vitabu vya wengine. Mkuu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi ofisini akitembea polepole, kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake.

Tuseme alikuwa ameshapita geti. Aliteremka ukingoni mwa barabara, mguu wa kulia ukichora mstari vumbini, wala hakugeuka nyuma. Mama Pacha alimfuata kwa umbali ambao mtu angedhani hawajuani. Sharubati ilikuwa imemwagika ndani ya kapu na matone mekundu yakimdondokea kwenye kanga, akayaacha.

Njia nzima alijisemea kwamba ni kwa ajili ya wale watoto. Rula ya Mbona, mistari miwili, mtihani uko mlangoni: nani angenyamaza? Ilikuwa kweli, na angeweza kuisema mbele ya yeyote. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, na kadiri walivyoteremka ndivyo kilivyozidi kumkaba. Alikuwa amechoka. Alichoka kuwa "kabla" na "baada" ya mtu, kuwa "ya" na "kwa" ya mtu, kusimama kando ya kila sentensi akingoja ianguke aidake. Wakati makofi yanalipuka aliona Jumatatu, na Jumanne, na kila siku inayofuata, yeye nyumbani roho juu, asiyejua ni neno gani limegeuka kule darasani. Je, aliwahurumia watoto, au alijihurumia mwenyewe? Alijaribu kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na vilikuwa vimechanganyika, havijulikani kipi ni kiasi gani.

"Baba Pacha!" aliita hatimaye.

Hakusimama.

"Nitukane basi! Sema lolote!"

Mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka akainua kichwa, kisha kwa adabu akakiinamisha tena. Tuseme aliendelea mpaka penye kona, mahali ambapo lami inakwisha na njia ya kwao inaanza kuwa na mawe. Pale huwa anahitaji kushikwa. Alitazama mawe. Akaweka mguu wa kushoto, akajaribu kuuvuta wa kulia, akayumba, akashika ukuta wa watu.

Mama Pacha alikimbia akamfikia, akatua kapu, akamnyooshea mkono. Tuseme aliutazama mkono huo kana kwamba na wenyewe ni fumbo, kisha akageuza uso upande wa pili. Akabaki ameshika ukuta, kiganja chenye chaki kikiacha alama juu ya rangi ya watu. Mkewe hakuurudisha mkono. Walikaa hivyo, mke amenyoosha, mume hakushika, jua likipanda.

"Maneno," alisema Tuseme mwishowe, bila kumtazama. "Hakuna."

"Usiseme," alisema Mama Pacha. "Tushuke tu."

Alingoja sana. Kisha kiganja kile kikabanduka ukutani, kikaja kikamshika, si mkono aliounyoosha bali bega, kwa uzito wote, mpaka likauma. Wakaanza kuteremka juu ya mawe, jiwe kwa jiwe, na hakumwachia lile bega, wala hakumtazama.